Noki za taa kwenye mishale ya kuwindia: zina faida ya kweli au ni mapambo tu?

Mshale wa Magharibi aliuliza:

Wakuu, salaam. Naomba ushauri wa wale mliokwisha kutumia noki za taa katika uwindaji wa upinde, na vilevile wa wale mliozijaribu mkaziacha, kwa sababu kila ninapouliza naishia kupata sifa za wauzaji. Kwa asiyezifahamu, ninazungumzia kile kipande cha plastiki kilicho mkiani mwa mshale, chenye mwanya unaouuma upote, yaani kamba ya upinde, ila hiki kina taa ndogo na betri ndani yake, nacho huwaka mara tu mshale unapoachiwa.

Kilichonisukuma kuuliza ni mkasa wa mwezi uliopita ambao mpaka leo unanikera. Nilikuwa ulingoni, jua limekwisha kuzama lakini mwanga ulikuwa bado unatosha kulenga, kulungu dume akatokeza kwa umbali wa kama mita 25 na kusimama ubavu. Niliachia mshale, nikasikia kile kishindo kizito tunachokijua sote, mnyama akaruka na kutokomea kichakani. Moyoni niliapa kwamba nimempiga nyuma kidogo ya bega, kwenye mapafu. Nilisubiri nusu saa, nikashuka, nikaanza kuutafuta mshale kwa tochi pale nilipodhani umeangukia. Sikuuona. Kwa kuwa niliamini pigo lilikuwa zuri, nikaanza kufuata nyayo bila kuushika mshale mkononi, na baada ya hatua kama mia moja na hamsini nikamsikia akinyanyuka mbele yangu gizani na kuondoka. Asubuhi niliukuta mshale umejichimbia chini ya majani makavu, hatua kumi na mbili kutoka mahali nilipohangaika usiku kucha, manyoya yake yamegandwa na uteute wa kijani wenye harufu ya tumbo. Nilikuwa nimempiga utumbo. Sikumpata tena.

Upinde wangu ni wa kapi, yaani ule wenye magurudumu madogo kwenye ncha zake. Mshale mzima una greni 410, yaani gramu 26 na nusu hivi, kigumba chake, yaani kichwa chenye makali, kikiwa cha greni 100, nao hutoka kwa kasi ya takriban mita 85 kwa sekunde. Ninachotaka kujua ni kama uzito wa taa utaniharibia shabaha, kama taa zenyewe huwaka kila mara au huwaka zikijisikia, kama mwanga humshtua mnyama, na zaidi ya yote kama kweli ningekuwa nayo siku ile mambo yangekwenda tofauti.

---

Fundi wa Mawano alijibu:

Ndugu, pole kwa mkasa. Nitalijibu la uzito kwanza kwa sababu ndilo ninaloulizwa zaidi na ndilo linalojibiwa ovyo zaidi. Utamsikia mmoja akisema halina athari yoyote, na mwingine akisema linaharibu mshale wote. Wote wawili wanakosea.

Noki ya kawaida huwa na greni kati ya 6 na 10. Ya taa, pamoja na betri yake, huwa kati ya 20 na 25 au zaidi kidogo. Tuseme basi mshale wako utaongezeka greni 15, ambazo ni karibu gramu moja kamili. Kutoka greni 410 utafika 425, na kasi yako ya mita 85 itapungua kama mita moja na robo kwa sekunde. Kwa mita 20, mshale utaangukia chini kwa milimita zipatazo nane kuliko ulivyozoea. Hilo hata mkono wako unaotetemeka kwa furaha ya kumwona kulungu hulizidi mara tatu. Kwa mita 40 tofauti itakuwa kama sentimita tatu na nusu, na hapo tayari inastahili kurekebishwa kwenye shabaha ya upinde.

Jambo ambalo watu hulisahau ni kwamba uzito huo umewekwa mahali pabaya kuliko pote, yaani mkiani kabisa. Mshale unaokwenda vizuri ni ule uliolemea mbele. Ukichukua wano, yaani mwili wa mshale, la sentimita 71 ambalo kitovu chake cha mizani kiko mbele ya katikati kwa asilimia 12 ya urefu, ukaliongezea greni 15 mkiani, kitovu hicho kitarudi nyuma kama sentimita moja na nusu, na ile asilimia 12 itashuka hadi kukaribia 10. Mshale hautaanza kuyumba kama mlevi kwa sababu hiyo, lakini kama ulikuwa umelemea mbele kwa asilimia 8 tu tangu mwanzo, utaona mkia wake ukichelewa kutulia, hasa ukitumia kigumba kipana chenye mabapa yanayokamata upepo. Ukitaka kurudisha mizani ilipokuwa, utahitaji kuongeza kama greni 25 mbele, ambazo kwa bahati nzuri ndizo zinazotofautisha kigumba cha greni 100 na kile cha 125. Lakini ujue kwamba hapo mshale umefika greni 450, wano litapinda zaidi linapoachiwa kwa sababu pua imekuwa nzito, na kwa mita 40 utashuka sentimita tisa hivi chini ya mahali ulipozoea. Mimi mwenyewe nimeukubali uzito huo na siujutii, kwa kuwa mshale mzito hutulia na huingia ndani zaidi. Ila ni lazima uanze upya kurekebisha shabaha. Usifungue pakiti usiku wa kuamkia windo ukazipachika ukaenda nazo.

Kuhusu kuwaka: nyingi hufanya kazi kwa msukumo wa upote. Upote unapouvurumisha mshale, huisukuma sehemu ya nyuma ya noki kwenda mbele kwa nguvu, na sehemu hiyo hufunga mzunguko wa umeme. Zipo pia zinazowashwa kwa sumaku iliyobandikwa kwenye upinde, mshale unapopita kando yake. Kwa aina ya kwanza, kushindwa kuwaka husababishwa karibu kila mara na mambo mawili. Ama mwanya wa noki ni mpana mno kwa unene wa uzi uliozungushiwa upote pale katikati, hivyo noki inakaa kwa kulegea na haipati msukumo wa sawasawa, ama noki haikuingia vizuri kwenye wano. Mawano yana vipenyo vya ndani tofauti na noki hupewa herufi kulingana navyo. Herufi X ni ya tundu la milimita 5.2 hivi, na S ni ya milimita 6.2 hivi. Ukinunua herufi isiyo yako ukazungushia utepe ili ikaze, usishangae ikikataa kuwaka. Upinde mwepesi sana nao huweza kukosa nguvu ya kuisukuma, ijapokuwa wako hauna tatizo hilo.

Kumshtua mnyama sahau. Taa huwaka mshale ukishaondoka, nayo iko nyuma ya wano, na safari yote ya mita 25 huchukua sekunde 0.3. Kinachomshtua ni mlio wa upinde.

---

Mzee wa Ulingo alijibu:

Vijana, nimesoma hesabu za Fundi na sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu uko kwingine.

Nimewinda kwa upinde zaidi ya miaka thelathini, na kwa muda wote huo mkia wa mshale wangu ulikuwa na manyoya meupe na utepe mweupe chini yake, basi. Ndugu yetu anauliza kama taa ingebadilisha mambo siku ile. Nami namuuliza: kilichomkosesha kulungu ni kukosa taa, au ni kushuka ulingoni baada ya nusu saa na kufuata nyayo bila kuona mshale wala damu? Sheria tuliyofundishwa ni kwamba ukiwa na shaka, kaa. Aliyepigwa mapafu hata ukimwacha mpaka asubuhi utamkuta pale pale alipoanguka. Aliyepigwa ini anahitaji saa nne au zaidi. Aliyepigwa utumbo anahitaji saa nane mpaka kumi na mbili, na ukimkurupusha kabla ya hapo ataondoka na hutamwona tena, kama ilivyotokea. Yeye hakuwa na ushahidi wowote mkononi, na asiye na ushahidi humhesabu mnyama kuwa amepigwa pabaya mpaka ithibitike vinginevyo.

La pili linanisumbua zaidi. Taa hizi zinawatia watu kiburi cha jioni. Wakati mwindaji haoni tena manyoya ya mshale wake ukiruka mita 25, mara nyingi huo ndio wakati wa kuuweka upinde chini. Macho yanayoshindwa kuona manyoya meupe ndiyo hayo hayo yanayoshindwa kuona tawi jembamba lililokatiza mbele ya bega la mnyama. Sasa mtu akijua kwamba mshale wake utang'aa, anajiambia kuwa ana dakika kumi za nyongeza. Hana! Taa imeongeza mwanga nyuma ya mshale, haikuongeza hata chembe moja ya mwanga pale anapolenga.

Tulikuwa tukifanya hivi: kabla ya kushuka, unachagua mti au jiwe pale mnyama aliposimama, unachagua jingine pale ulipomwona mara ya mwisho, unayatazama mpaka yakukae kichwani, kisha unafunga macho na kusikiliza. Mnyama akianguka utasikia matawi. Hiyo haihitaji betri.

---

Jicho la Kijivu alijibu:

Shikamoo mzee wetu. Naheshimu maneno yako, ila ningependa mjue kwamba kuna wawindaji ambao hesabu yao ni tofauti kabisa, na mimi ni mmojawapo.

Mimi sitofautishi vizuri nyekundu na kijani. Nilizaliwa hivyo, na hatuko wachache; katika baadhi ya jamii, hasa zenye asili ya Ulaya ya kaskazini, hufikia mwanamume mmoja kati ya 12. Tone la damu kwenye jani kavu ambalo wewe unaliona ukiwa umesimama, mimi naweza kulipita nikiwa nimepiga magoti. Ninachotegemea ni mng'ao wa umajimaji chini ya tochi, ncha ya kidole ikilowa, na harufu. Kwa hiyo mshale kwangu ndio ukurasa wa kwanza wa habari nzima. Nikiupata nitaunusa, nitaupangusa kwa karatasi nyeupe, nitatazama kama kuna povu. Damu yenye povu hutoka kwenye mapafu hata kama siwezi kukuambia ni ya waridi. Utelezi wenye makombo ya majani ni wa tumbo. Nisipoupata mshale, ninaanza windo la kufuatilia nikiwa kipofu mara mbili.

Tangu nianze kutumia noki za taa, mishale iliyopita upande wa pili nimeiokota yote isipokuwa mmoja uliovunjika. Zamani nilikuwa napoteza karibu nusu yake.

Kuhusu rangi, nalifahamu suala hili kwa sababu nililazimika kulifahamu. Jicho la binadamu likiwa katika mwanga hafifu hupoteza wepesi wake wa kuona nyekundu mapema, na hubaki likiiona kijani kwa nguvu zaidi. Ndiyo maana wengi husema chukua kijani. Lakini kijani hiyo hiyo, mshale ukiwa umelala kwenye nyasi mbichi saa kumi na moja jioni kabla giza halijaingia, humezwa na mazingira, na hapo mwenye macho mazima huiona nyekundu haraka zaidi. Kwa mtu kama mimi nyekundu haina faida, kwa hiyo natumia ile inayopepesa, inayowaka na kuzima kwa haraka, kwani kinachonivuta jicho ni mpigo wa mwanga wala si rangi yake.

---

Fundi wa Mawano aliongeza:

Mzee, nakubaliana nawe kuhusu kusubiri na kuhusu kiburi cha jioni, na ninaomba kila anayesoma hapa alisome tena fungu lako la pili. Hata hivyo kuna mahali ambapo manyoya meupe na kumbukumbu havitoshi, na si kwa sababu mwindaji ni mzembe.

Sauti husafiri kwa takriban mita 340 kwa sekunde. Mshale wa ndugu yetu unakwenda kwa mita 85, yaani robo ya hapo. Mnyama akiwa mita 25, mlio wa upinde humfikia baada ya sekunde 0.07 hivi, na mshale humfikia baada ya sekunde 0.3. Katika ile tofauti, ambayo ni zaidi kidogo ya sehemu ya tano ya sekunde, kulungu mwenye wasiwasi hukunja miguu na kushusha kifua ili ajirushe, na pengine hugeuka. Mshale unafika pale ulipoelekezwa, ila mnyama hayupo tena vilevile alivyokuwa. Mwindaji naye, kwa kuwa macho yake yalikuwa yameganda kwenye doa alilolilenga, hukumbuka doa hilo na kuliita mahali alipopiga. Hapa ndipo mtu mkweli kabisa anaapa kwamba amepiga mapafu.

Taa inachokifanya ni kuchora mstari angani na kuukatisha kwenye ngozi. Huhitaji kukumbuka ulilenga wapi, unaona mstari umeishia wapi. Ninasema hivi kwa sababu ndugu Mshale wa Magharibi ameuliza kama mambo yangekwenda tofauti. Nadhani angeona mstari ukiishia nyuma ya mbavu, angebaki juu ya ulingo, na suala la kutafuta mshale kwa tochi lisingekuwepo usiku ule. Bila shaka ni kama angekubali alichokiona, maana nimewaona watu walioiona taa ikizama tumboni na bado wakabishana nayo.

---

Mvizia Alfajiri alijibu:

Mimi nitasema machache kuhusu kasoro, maana hazijatajwa.

Nilinunua sita za aina moja, za kampuni ambayo sitaitaja. Mbili hazikuwaka siku ya kwanza ya majaribio. Moja iliwaka ndani ya podo nikiwa natembea, nikagundua baada ya saa nyingi, na kwa kuwa watengenezaji wengi husema betri hudumu saa ishirini au zaidi ikiwa inawaka, sikujua imebakiza kiasi gani, nikalazimika kuistaafisha. Tangu hapo, kila noki kwangu hupigwa walau mara tatu kwenye shabaha ya sponji kabla haijaruhusiwa kuingia porini, na zikiwa podoni huziangalia kila ninapofika ulingoni, gizani, kabla ya kupambazuka, ambapo hata nuru ndogo huonekana.

Kuzizima pia kuna karaha yake. Zipo unazovuta mkia wake kwa ukucha zikazima, na zipo zenye kitundu kinachohitaji ncha ya kisu kidogo. Baridi ikiwa kali na vidole vimekufa ganzi, hiyo ya pili itakufundisha maneno mapya.

Msipige mishale miwili yenye noki hizi kwenye doa moja mazoezini. Noki iliyopigwa huweza kupata ufa usioonekana, na noki ikipasuka mnapoachia upote, nguvu yote inarudi kwenye upinde na kwenye uso wa mpigaji. Watengenezaji kadhaa huuza noki za mazoezi zenye uzito ule ule bila taa. Hizo ndizo za kuchezea.

---

Mshale wa Magharibi aliandika tena:

Nawashukuru sana. Mzee wa Ulingo, shikamoo, na nimelipokea. Ni kweli nilishuka mapema. Nilipokuwa naandika mkasa ule nilijua kuna mtu atanishika hapo hapo, na nashukuru kwamba umekuwa wewe.

Nina maswali mawili yamebaki. Mshale ukinasa mwilini na mnyama akakimbia nao taa ikiwaka, mnafanyaje? Na je, sheria zinasemaje? Rafiki yangu anawinda Marekani na ananiambia kwamba huko kuna mahali ukikutwa na taa kwenye mshale umevunja kanuni.

---

Msoma Kanuni alijibu:

La sheria niachieni mimi. Rafiki yako anasema kweli, ingawa inategemea jimbo. Marekani kila jimbo lina kanuni zake za uwindaji wa upinde, na baadhi ya majimbo, hasa ya magharibi, kwa muda mrefu yalipiga marufuku kifaa chochote cha umeme kilichoshikamana na upinde au mshale. Marufuku hayo hayakuilenga noki peke yake. Yalikusudia kuzuia vifaa vinavyopima umbali au kumulika shabaha, noki ikajikuta ndani ya wavu huo huo. Baadaye baadhi ya majimbo hayo yalilegeza kwa kuandika waziwazi kwamba noki inayowaka haihesabiki miongoni mwa vifaa vilivyokatazwa.

Mfano unaoonyesha mabadiliko ya fikra ni Pope and Young Club, chama kinachotunza rekodi za wanyama wakubwa waliowindwa kwa upinde Amerika Kaskazini. Kwa miaka mingi hakikuandikisha mnyama aliyepatikana kwa mshale wenye kifaa cha umeme. Mwaka 2014 kilibadilisha kanuni yake, noki za taa na kamera zikakubaliwa, mradi tu zisirushe mwanga kuelekea kwa mnyama wala kumsaidia mwindaji kulenga, kupima umbali au kupiga. Angalieni mantiki yake: kinachofanya kazi baada ya mshale kuondoka hakimpunguzii mnyama nafasi yake ya kuponyoka, bali kinapunguza uwezekano wa yeye kufia asipoonekana. Kwa mtazamo wangu hiyo ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote za kuunga mkono noki hizi, na ni hoja ya maadili wala si ya ufundi.

Lakini kukubaliwa na chama cha rekodi hakukupi ruhusa ya kisheria. Soma kijitabu cha kanuni za msimu huu za mahali unapowinda, usisome cha msimu uliopita, na utafute maneno yanayohusu vifaa vya umeme kwa ujumla, kwa sababu mara nyingi neno noki halimo.

---

Jicho la Kijivu alijibu:

Kuhusu mshale unaonasa: taa itakuonyesha mnyama alikoelekea, na hiyo ni zawadi, lakini pia ndiyo mtego mkubwa kuliko yote. Unaona nukta ya mwanga imesimama kichakani umbali wa hatua themanini na miguu yako yenyewe inataka kushuka. Usiifuate. Inawezekana mshale umechomoka ukabaki kwenye tawi. Inawezekana pia mnyama amelala akiwa hai na anatazama alikotoka. Mimi huielekeza dira kwenye ile nukta, naandika nyuzi zake kwenye simu, kisha nageuza uso ili nisiendelee kuitazama. Muda wa kusubiri unabaki ule ule alioutaja mzee.

---

Mzee wa Ulingo alijibu:

Marahaba, wanangu wote. Hili la kugeuza uso limenifurahisha. Nami nikiri kwamba ile hoja ya sauti na mshale sikuwa nimeipigia hesabu. Nilikuwa nikijua tu kwamba kulungu huinama, na nilikuwa nikilenga chini kidogo kwa yule mwenye masikio yanayocheza. Mjukuu wangu ana upinde wa kapi na amekuwa akiniomba taa hizo tangu msimu jana. Nitamruhusu, kwa sharti kwamba saa ya kufunga upinde naipanga mimi.

Fundi, nisaidie moja. Jirani yangu hutumia ule upinde wenye kitako na kifyatulio mithili ya bunduki. Noki hizi zinamfaa?

---

Fundi wa Mawano alijibu:

Zipo zilizotengenezwa kwa ajili yake, mzee, ila asichukue zozote tu. Mishale ya upinde ule ina noki za maumbo mbalimbali: nyingine ni bapa, nyingine zina kijimfereji kama mwezi mwandamo, nyingine huushika upote kabisa. Kila upinde umetajiwa na mtengenezaji wake umbo linalotakiwa. Akiweka umbo jingine, upote unaweza kuruka juu ya mshale au kupita chini yake, na hapo upinde unaachiwa mtupu. Viungo vyake huweza kupasuka vikamjeruhi. Asome kwanza maelekezo ya upinde wake, na kama hayataji noki ya taa ya umbo lile, aache.

---

Mshale wa Magharibi aliandika:

Ninarudisha majibu baada ya wiki mbili, kwa faida ya atakayefuata.

Nilichukua noki sita, nikapima kila moja kwa mizani ndogo. Zilitofautiana kwa greni moja tu kati ya nyepesi na nzito, zote zikiwa kati ya 23 na 24. Nilipiga mishale mitatu yenye taa na mitatu isiyo nayo kwa mita 20, na sikuweza kuyatofautisha makundi mawili. Kwa mita 40 kundi la taa lilikaa chini kwa upana wa vidole viwili, sawa na hesabu ya Fundi. Hata hivyo niliona kwamba mishale ile ilichelewa kutulia ikiwa na vigumba vya kuwindia, ingawa kwa vichwa vya mazoezi ilikwenda vizuri, kwa hiyo nimehamia vigumba vya greni 125 na sasa nimeanza kurekebisha shabaha upya kuanzia mita 15.

Jioni moja nilipiga mita 30 mwanga ukiwa umepungua, nikimwomba mke wangu aandike kwenye karatasi mahali nilipotamka kwamba nimepiga kabla sijasogea, kwanza kwa mishale ya kawaida kisha kwa ile ya taa. Kwa mishale ya kawaida nilitaja doa nililolilenga mara tano kati ya sita, na mishale mitatu kati ya hiyo haikuwepo hapo. Mmoja ulikuwa umekwenda kushoto kwa kiganja kizima. Kwa ile ya taa nilikosea mara moja.

Noki moja kati ya sita haikuwaka hata kidogo. Niliichunguza nikakuta mwanya wake umelegea kwenye upote. Fundi alipoongeza unene wa uzi wa katikati iliwaka mara mbili, ya tatu ikakataa. Nimeipaka wino mweusi na kuirudisha kwenye mishale ya mazoezi.

Ulingoni nitakwenda na tano. Mahali pa ile ya sita podoni nimeweka saa ndogo ya mkononi, na nimeipanga ilie saa nne baada ya kuachia mshale.